Twende Mugere: Mahali pa Likizo za Utotoni na Ziwa Lililopanda

Kila mtu aliyekulia mjini ana mahali pake pa likizo. Kwa mmoja ni kwa babu huko milimani, ambako asubuhi ni baridi na maziwa hunywewa katika kibuyu. Kwa mwingine ni kwa shangazi kando ya ziwa, ambako mtoto hulala huku akisikia mawimbi na kuamshwa na kelele za wavuvi. Shule zilipofungwa, mtoto alipelekwa huko na kifurushi chake cha nguo, akaachiwa uhuru ambao mjini hakuupata, na mwezi wa Septemba akarudi amekuwa mweusi kwa jua na amenenepa kwa samaki. Kisha miaka hupita. Mtoto huwa mtu mzima, hupewa kazi, huhamishwa, huoa au huolewa, na mahali pale hubaki kuwa hadithi ya jioni tu.

Kwa familia za askari na polisi jambo hili lina uzito zaidi. Baba huhamishwa kutoka kambi hii hadi kambi ile, na aghalabu watoto huijua milango ya nyumba za serikali kuliko mlango wa nyumba ya ukoo wao. Likizo ya baba ni fupi, nauli ni ghali, na siku chache zile humalizika kwa kutengeneza paa na kulipa madeni. Hata hivyo ipo safari ambayo haihitaji zaidi ya siku moja, nayo ni ile ya kuwapeleka watoto mahali wazazi wao walipochezea. Makala haya yanaeleza safari moja ya namna hiyo, iliyofanywa na ukoo mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, Jumapili moja ya kiangazi cha mwaka 2025. Yanaeleza pia mambo ambayo ziwa liliufundisha ukoo huo, ambayo yaweza kumfaa kila mwenye nia ya kujenga karibu na maji.

KWA NINI TULICHELEWA MIAKA THELATHINI NA MIWILI

Ukoo huo ni wetu sisi. Marehemu baba alikuwa na dada yake aliyeolewa katika kijiji kimoja cha wavuvi, mbele kidogo ya Mugere, upande wa kusini wa mji. Likizo yetu ya mwisho kwa shangazi ilikuwa ya Julai na Agosti 1993. Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba, na kaka yangu miaka kumi na miwili. Oktoba ya mwaka huo nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na njia ya kusini ikawa njia ya hofu. Shangazi na watoto wake walikimbilia Tanzania kwa njia ya ziwa, wakapokewa katika kambi za wakimbizi za Mkoa wa Kigoma. Yeye hakurudi, alizikwa huko. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini katika vilima vinavyouzunguka mji wa Bujumbura bunduki hazikunyamaza hadi mwaka 2008. Mwaka huo huo watoto wa shangazi walirejea, wakajenga juu mlimani.

Wakati huo sisi tulikuwa na shughuli zetu. Mimi nilikuwa chuoni nikisomea ualimu, kisha nikaajiriwa na serikali. Kaka alikuwa amekwisha kuwa askari, na baadaye akapelekwa Somalia katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, ambako Burundi ilianza kupeleka vikosi vyake mwishoni mwa mwaka 2007. Njia ilikuwa imefunguka, lakini miguu haikwenda. Wako watu wengi wa namna yetu katika mji huu. Si kwamba wamesahau, bali wanaogopa kukuta kwamba kitu walichokiweka moyoni hakipo tena.

Aliyetutoa nyumbani ni mama. Akiwa na umri wa miaka sitini na minane, alisema kwamba amechoka na joto la mjini na kelele za majirani, na kwamba angependa kuimalizia siku zake penye kiwanja kile cha ufukweni ambacho shangazi alimgawia baba kabla ya vita. Kaka alikuwa na akiba yake ya miaka ya Somalia. Alikwisha kuulizia bei ya matofali, na alikuwa tayari kumjengea mama vyumba viwili na baraza. Kwa hiyo safari yetu ilikuwa ya matembezi kwa watoto, lakini kwa watu wazima ilikuwa ya kukagua kiwanja.

NJIA YA KUSINI

Tulichagua Jumapili, maana Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za maendeleo ya jamii na magari hayatembei. Kwa kuwa petroli ilikuwa adimu, familia tatu zilichangiana kukodi basi dogo moja, na dereva alipewa fedha siku tatu kabla ili apate muda wa kupanga foleni. Saa moja asubuhi tulikuwa njiani, kumi na wanne kwa jumla, pamoja na chupa mbili za chai, mandazi, ndizi na sufuria tupu ya kupikia samaki.

Barabara ya Taifa namba 3 hutoka Bujumbura, ikapita Kanyosha, kisha ikafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Upande wa kulia ni maji. Upande wa kushoto milima husimama ghafula kana kwamba imekatwa kwa panga. Upana wa nchi tambarare iliyo kati ya mlima na ziwa mahali pengine haufiki kilometa moja. Hapo ndipo watu hulima muhogo, ndizi na michikichi, na hapo ndipo walipojenga. Msomaji akumbuke jambo hili, maana tutalirudia. Mtu anayekaa kwenye ukanda huo ana mlima nyuma yake na ziwa mbele yake, na vyote viwili vyaweza kumjia. Mwaka 2015 huko Gitaza, kwenye njia hii hii, mvua iliangusha udongo wa mlima juu ya nyumba za watu.

Watoto waliiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, wakauliza kama ni mawingu. Kaka aliwaeleza kwamba ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, kwamba kina chake hufika meta 1,470, na kwamba duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, lililolishinda kwa kina. Nchi nne hulinywa kwa pamoja: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, aliuliza ni nani anayelijaza. Swali hilo lilionekana la kitoto, lakini kabla ya jua kuchwa ndilo lililokuwa swali la watu wazima.

JIWE LA MUGERE

Umbali wa kilometa kumi na mbili hivi kutoka mjini, kwenye kilima kinachotazama ziwa, lipo jiwe la Mugere. Ni mwamba mkubwa wa rangi ya kijivu, umechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871, yaani Novemba 25 ya mwaka huo. Zamani wanafunzi wa shule za msingi waliletwa hapa kwa miguu na walimu wao, na sisi tulipokuwa kwa shangazi tulipanda hapa kila tulipotumwa chumvi dukani, tukateleza juu yake hadi kaptura zikatoboka.

Watu wengi huambiwa kwamba mahali hapa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone kwa mara ya kwanza. Sivyo. Wawili hao walikutana wiki chache kabla, Ujiji, ambayo leo imo katika Mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, na huko nako kuna mnara wa ukumbusho. Hapa Mugere walifika wakiwa wamekwisha kuwa marafiki. Walipanda mtumbwi Ujiji, wakaelekea kaskazini wakiambaa na pwani ya Burundi. Makasia yao yalivutwa na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi na wenyeji wa Ujiji. Walipofika nchi iliyoitwa Uzige walipokewa na mtawala mmoja kwa jina Mukamba, wakalala siku mbili katika himaya yake. Kwa hiyo lugha ya Kiswahili, ambayo leo husikika katika vichochoro vya Buyenzi, ilisikika kwenye ufuko huu zamani sana kabla ya kuwako mji wa Bujumbura wenyewe.

Wageni hao walitafuta nini? Hawakutafuta dhahabu wala pembe, bali jibu la swali moja. Upande wa kaskazini wa ziwa upo mto Rusizi. Je, maji ya Rusizi huingia ziwani, au hutoka ziwani? Kama yangekuwa yanatoka, basi ingewezekana kwamba Ziwa Tanganyika ndilo chimbuko la mto Nile, jambo ambalo mabingwa wa Ulaya walikuwa wakiligombania kwa miaka mingi. Burton na Speke walikuja hadi Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia, lakini hawakufika kujionea. Livingstone na Stanley walimwuliza Ruhinga, ndugu yake Mukamba, naye akawajibu vile vile: unaingia. Wakapanda mtumbwi wakaenda mlangoni mwa mto, wakakuta mkondo unawasukuma kuwarudisha ziwani. Wenyeji walikuwa wakisema kweli tangu mwanzo.

Historia ina mzaha wake. Livingstone alikufa mwaka 1873 akiwa bado analitafuta chimbuko la Nile. Kumbe alipokuwa amesimama Mugere, chemchemi iliyo kusini kuliko zote za mto huo ilikuwa nyuma ya milima hii hii, huko Rutovu, upande wa Bururi. Mjerumani Burkhart Waldecker ndiye aliyeitambua katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 ukajengwa mnara mdogo wenye umbo la piramidi juu yake. Maji ya Rutovu hushuka upande wa mashariki, yakaingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, hatimaye yakaenda Misri. Maji yanayoshuka upande wetu wa magharibi huingia Tanganyika, na yale yanayotoka humo huenda mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mvua moja ikinyesha juu ya mgongo wa milima ya Burundi, matone mawili yaliyoanguka bega kwa bega huagana pale pale na hayaonani tena.

Watoto walilipenda jiwe, wakateleza kama tulivyoteleza. Lakini tulisikitika kuona kwamba watu wamekwaruza majina yao juu yake kwa misumari. Mzazi amkataze mtoto wake kufanya hivyo. Mwenye kutaka kukumbukwa na apande mti.

KWA SHANGAZI

Kutoka Mugere tulishuka tena barabarani na baada ya mwendo mfupi tukafika kijijini. Mama alikuwa wa kwanza kushuka. Kwa muda alisimama kimya, akitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Katika kumbukumbu zetu, kutoka barabarani hadi majini kulikuwa na shamba la muhogo, kisha nyumba ya shangazi yenye mlango wa buluu, kisha mwembe mkubwa, kisha uwanja mpana wa mchanga ambapo ndagala zilianikwa. Kwenye mchanga huo tulicheza mpira wa majani ya migomba. Usiku ulipokuwa hauna mwezi, tuliketi chini ya mwembe kuhesabu taa za karabai za wavuvi. Zilikuwa nyingi hata mtu angedhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Alfajiri mitumbwi ilirudi, na shangazi alitupa kazi ya kuchagua: ndagala hapa, mukeke pale, na sangala mmoja akipatikana alikuwa wa kuuzwa mjini.

Siku hiyo ya mwaka 2025 hapakuwa na uwanja wa mchanga. Maji yalikuwa yamefika penye nyumba. Kilichobaki cha nyumba ni pembe moja ya msingi wa mawe, ambayo mawimbi yalikuwa yakiipiga na kuiacha. Mwembe ulikuwa umesimama ndani ya maji, umekauka, hauna jani hata moja, na juu ya shina lake kulikuwa na alama nyeusi iliyoonyesha kwamba maji yalikuwa yamepanda zaidi kabla ya kurudi nyuma. Shamba la muhogo lilikuwa limekuwa matete. Kaka alipima kwa hatua kutoka barabarani hadi majini, akahesabu hatua tisini na tano.

Mama aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wajukuu wakamzunguka, wakamwuliza nyumba iko wapi. Aliwaonyesha kwa kidole, akasema, "Pale anaposimama yule ndege mweupe, ndipo palipokuwa jiko."

NENO LA MZEE MVUVI

Huko juu ya barabara alitokea mzee mmoja mwenye fimbo, akatusalimu kwa Kirundi: "Mwaramutse." Alimtazama mama, akamtazama tena, kisha akaitaja nyumba ya marehemu baba. Alikuwa jirani wa shangazi, mvuvi tangu ujana wake, na ndiye aliyekuwa akianika ndagala zake kwenye kiwanja chetu miaka yote tulipokuwa hatupo. Alionekana kuwa na wasiwasi, kwa sababu mwenye kiwanja akirudi na watoto wake watu wazima, mmoja wao askari, mtu anayekitumia hujua kwamba safari ya kuondoka imekaribia. Katika nchi yetu ardhi imegombanisha wengi, hasa baina ya waliorudi kutoka ukimbizini na waliobaki.

Kaka alimweleza kwa heshima nia yetu ya kujenga. Mzee hakukasirika. Alitushika mkono akatupeleka hadi penye mwamba mmoja mdogo karibu kabisa na barabara.

"Shemeji," akamwambia mama, "msijenge chini ya barabara. Mimi nilikuwa kijana wa kuchunga mbuzi maji yalipokuja mara ya kwanza, nchi ilipokuwa imetoka kupata uhuru. Yalisimama penye jiwe hili. Baba zetu wakahamia mlimani. Kisha ziwa likarudi nyuma pole pole, watu wakasahau, wakashuka, wakajenga. Wifi yako naye alijenga wakati huo. Sasa limekuja tena, na limesimama karibu na jiwe lile lile. Ziwa halikuiba kitu. Limekuja kuchukua chake."

Mama alimwuliza, "Shemeji, mbona hukutuambia zamani?"

Akajibu, "Mlikuwa watu wa likizo. Mtu wa likizo hakuulizi habari za maji. Anauliza habari za samaki."

KWA NINI ZIWA HUPANDA NA KUSHUKA

Maneno ya mzee yanalingana na yale yaliyoandikwa. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia. Lilipanda tena kuanzia mvua za mwaka 2019 na 2020, na baada ya mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023, mwaka 2024 likakaribia tena kimo cha 1964. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake huko Gatumba na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza makao. Mwaka 2024 maji yaliingia Gatumba, Kajaga, Kibenga na Rumonge. Hoteli na nyumba za watu wenye uwezo ziliingiliwa sawasawa na vibanda vya wavuvi.

Sababu yake ni rahisi kueleweka na mtoto wa darasa la nne. Mito inayoingia ni mingi: Rusizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka Tanzania, na mamia ya mito midogo kama Mugere. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, huko Kalemie nchini Kongo. Tena Lukuga hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa kukaushwa na jua na upepo. Ziwa ni kama pipa linalojazwa na mifereji mingi, lakini tundu lake la kutolea ni dogo. Mvua zikizidi miaka miwili au mitatu mfululizo, pipa hujaa. Na likijaa halishuki kwa siku moja, bali huchukua miaka.

Hilo tundu lenyewe huweza kuziba. Mwingereza Cameron alilitambua mwaka 1874. Stanley alipolizuru mwaka 1876 alikuta Lukuga umezibwa na matete na matope, na maji hayatoki. Ziwa likaendelea kujaa hadi likafikia kimo ambacho halijafika tena tangu hapo, kisha mnamo mwaka 1878 maji yakaivunja ile kizuizi, na ziwa likashuka kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba siku ile ya Novemba 1871, wale wageni wawili walipopanda kilima cha Mugere, ziwa walilolitazama lilikuwa limepanda kuliko hili lililotutisha sisi. Swali walilokuja kuliuliza, kama maji yanaingia au yanatoka, wao walilihesabu kuwa swali la ramani. Kwa mwenye kiwanja ufukweni, jibu lake ndilo linaloamua kama nyumba yake itasimama.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeutenga ukanda wa meta 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, na ndani yake kujenga nyumba hakuruhusiwi. Meta 150 ni sawa na hatua mia mbili hivi za mtu mzima. Zile za kaka zilikuwa tisini na tano, na kwa hatua hizo tulikuwa tumekwisha fika barabarani. Kwa maneno mengine, kiwanja chetu chote kilikuwa ndani ya ukanda wa ziwa.

UAMUZI WA MAMA

Mchana tulipika. Mzee alituuzia mukeke wanane waliovuliwa usiku uliopita, na wake za watoto wa shangazi walishuka kutoka mlimani na unga wa muhogo na mawese mapya. Mukeke hupasuliwa tumboni, akaoshwa, akachanjwa mbavuni, akapakwa chumvi na maji ya ndimu, akaachwa nusu saa. Kisha hukaangwa katika mawese hadi ngozi ikakamae, ndipo vitunguu na nyanya huongezwa, sufuria ikafunikwa kwa moto mdogo. Huliwa na ugali wa muhogo na lengalenga. Watoto wa mjini, ambao nyumbani hubagua chakula, walilamba vidole.

Wakati wa kula mzee alisema kwamba mukeke wamepungua. Zamani mtumbwi ulijaa kabla ya usiku wa manane. Siku hizi wavuvi hukesha wakarudi na kapu moja. Nyavu zimekuwa nyingi na macho yake madogo. Nchi zinazolizunguka ziwa zimeanza kulishughulikia jambo hilo. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi katika upande wake kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mzee aliunga mkono, ingawa alisema kwamba tumbo halijui kufunga miezi mitatu.

Baada ya chakula mama alizungumza, na wote tukanyamaza. Alisema kwamba matofali hayatanunuliwa. Kiwanja cha chini kisiuzwe kwa mtu yeyote, maana kumwuzia mtu mahali unapojua maji yatafika ni kumwuzia msiba. Mzee aendelee kuanika ndagala zake hapo, na akingo chake kipandwe mianzi na matete ili kushika udongo. Kuhusu kujenga mlimani, alisema shamba lile ni la watoto wa shangazi walioteseka ukimbizini; hatakwenda kuomba sehemu kwa sababu tu mwanawe ana fedha na cheo. Wakipenda wenyewe kumgawia, waandikishane mbele ya wazee na ofisi ya ardhi. Wasipopenda, atabaki Buyenzi na kelele za majirani.

Kaka hakubisha. Aliinuka akamshika mzee mkono. Mzee akatoa kapu la ndagala kavu na kukataa katakata kulipwa.

Mkubwa wa watoto wa shangazi aliomba apewe muda wa kuzungumza na ndugu zake. Hadi ninapoandika haya jibu halijapatikana, na mama hajauliza. Lakini tangu siku hiyo watoto wao wawili wamekuja kwetu mjini mara mbili, na wetu wamekwisha ahidiwa likizo ijayo mlimani.

MASHAURI KWA WENYE KUSAFIRI

Kwa wasomaji watakaopenda kufanya safari ya namna hii, wakiwa Bujumbura au kwingineko kando ya maziwa yetu, haya yanaweza kuwafaa.

Kwanza, ondokeni mapema na mrudi kabla ya jua kuchwa. Viboko hutoka majini jioni kuja kula majani, hata ndani ya mji wa Bujumbura, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudia majini ni hatari kuliko simba. Midomo ya mito, hasa delta ya Rusizi, ina mamba. Mtoto asiachwe kuchezea hapo hata kwa dakika moja.

Pili, watoto wasioge wala kuchota maji penye majani na maji yaliyotuama, maana konokono wa kichocho hupenda mahali hapo. Akirudi na kuumwa tumbo au kutoa choo chenye damu baada ya wiki kadhaa, apelekwe zahanati na daktari aelezwe kwamba mtoto alioga ziwani.

Tatu, chukueni picha za zamani kama mnazo, na mwende na mzee mmoja wa ukoo. Mtoto hutaka kuelezwa na mtu aliyekuwako. Kama mahali hapo palipita vita, mzazi asimfiche mtoto kabisa wala asimjaze chuki. Amwambie yaliyotokea kwa maneno machache na ya kweli.

Nne, na hili ni kwa askari na polisi wanaorudi na akiba zao za kazi za mbali: usinunue wala usijenge kwa kukumbuka utoto. Nenda uone kwa macho, tena katika mwezi wa Aprili au Mei maji yanapokuwa juu, si Agosti peke yake. Hesabu hatua zako mia mbili kutoka alama ya juu ya maji. Mwulize mzee kuliko wote kijijini maji yalifika wapi alipokuwa mtoto, kisha umwulize na wa pili. Nenda ofisi ya ardhi uulize mwenye hati ni nani. Siku hizo mbili za kuuliza ni nafuu kuliko nyumba iliyoliwa na mawimbi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ruhinga alijua mto unaelekea wapi, na mzee wetu alijua ziwa linafika wapi. Wote wawili walikuwa wakingoja tu mtu wa kuwauliza. Msomaji mwenye babu, bibi au jirani wa umri huo na amwendee Jumapili hii, achukue na watoto.